Kuku wa Jikoni na Ukoo wa Dinosau

Swali hili limenifikia zaidi ya mara moja, na kila mara aliyelileta ni mama. Mtoto amerudi kutoka shuleni, ameweka mkoba wake chini, kisha akatangaza mbele ya nduguze kwamba mwalimu amewafundisha kuwa kuku ni katika ukoo wa dinosau. Wadogo wakaangua kicheko. Bibi, aliyekuwa akichagua mchele, akasema astaghfirullah. Mama naye akabaki katikati. Akimkemea mwanawe, atakuwa amemkemea kwa jambo lililoandikwa katika daftari lake na ambalo huenda akatahiniwa; akinyamaza, achelea asije akawa amelikubali jambo linaloigusa itikadi. "Sheikh, nimwambie nini mtoto?"

Nimeona nijibu kwa maandishi, tena kwa mapana kidogo, kwa sababu mtoto anayeuliza habari za mifupa akajibiwa kwa makemeo hujifunza kwamba dini ya wazazi wake inaiogopa mifupa. Akifika chuo kikuu akaiona kwa macho yake, atamkumbuka nani aliyemwambia asiitazame.

Kwanza niweke wazi mahali ninaposimama. Kuumbwa kwa baba yetu Adam, alayhi ssalaam, ni jambo lililokuja kwa nassi, nami sina shaka nalo wala silijadili hapa. Ama wanyama na ndege, Qur'ani imetufahamisha ni nani aliyewaumba na kwamba asili yao ni maji. Haikutufafanulia ni kwa utaratibu gani, na kwa muda gani, aina moja ilitangulia na nyingine ikafuata. Pale ambapo nassi imenyamaza, mwenye kusema na alete ushahidi, na ushahidi wa mnyama umo mwilini mwake. Wako masheikh wanaolikataa jambo hili lote kwa jumla, nami nawaheshimu. Ila katika hoja zao nyingi nilizozisoma, nimeona wakibishana na Darwin bila kuitazama mifupa yenyewe.

Na kutazama si jambo geni kwetu. Surat al-Mulk na Surat an-Nahl zote mbili zinatuelekeza tuwaangalie ndege walioko angani. Mwana wa Adam alifundishwa na kunguru namna ya kumzika nduguye. Nabii Sulaiman alikuwa na hudhud wake. Wanavyuoni wetu nao hawakuona kwamba habari za wanyama ni upuuzi usiomfaa mtu wa elimu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika Kitab al-Hayawan, kitabu kikubwa chenye juzuu kadhaa. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, alikuwa mwanafiqhi wa madhehebu yetu ya Shafii na mwenye sharhe ya Minhaj, na huyohuyo ndiye aliyetunga kamusi nzima ya wanyama, Hayat al-Hayawan. (Wako wanaopenda kusema kwamba al-Jahiz aligundua mageuko kabla ya Wazungu. Mimi sipendi fahari ya namna hiyo. Al-Jahiz alitazama sana na akaandika vizuri, na hilo pekee lamtosha.)

Basi na sisi tutazame, na hatuna haja ya kwenda mbali. Mlaze juu ya ubao kuku mzima aliyekwisha kunyonyolewa, na watoto wasogee karibu.

Anza na miguu. Kipande cha chini, kile ambacho wachinjaji hukikata na kukiuza mbali, hakina manyoya bali kina magamba kama ya kenge. Vidole vitatu vinatazama mbele, kimoja nyuma, na kila kimoja kina ukucha. Kuku akipita penye tope huacha alama ya vidole vitatu ambayo kila mtoto anaijua. Katika bonde la mto Connecticut kule Marekani zimo alama za namna hiyo zilizogeuka jiwe, nyingine kubwa kupita kiasi. Mwaka 1836 Edward Hitchcock, aliyekuwa mwanajiolojia na pia mhubiri wa Kikristo, aliziandikia akisema ni nyayo za ndege wakubwa wa kale. Baadaye ikadhihirika kwamba waliozikanyaga ni dinosau. Mzee yule alikosea jina la mnyama, lakini mguu aliusoma sawasawa.

Watoto wengi hudhani kwamba goti la kuku hukunja kwa nyuma. Mwonyeshe mwanao kwamba sivyo. Ule mfundo wenye kukunja nyuma, pale ambapo magamba huishia, ni kifundo cha mguu, mfano wa kifundo chake yeye. Kuku hutembea kwa vidole, kisigino kikiwa juu hewani siku zote. Goti lake la kweli liko juu zaidi, kati ya paja na kile kipande kinachogombaniwa na watoto sahanini, nalo likiwa hai hufichwa na manyoya ya tumbo. Dinosau waliotembea kwa miguu miwili, ambao wataalamu huwaita theropodi, walisimama hivyohivyo. Katika kundi hilo yumo Tyrannosaurus, yule ambaye watoto humwona katika filamu.

Sasa likunjue bawa. Lina sehemu tatu: mkono wa juu, mkono wa chini, kisha ile ncha ambayo wapishi wengi huitupa. Usiitupe leo. Ichemshe mpaka nyama iachane na mfupa, uisafishe, nawe utakuta mkono wa vidole vitatu. Kimoja ni kifupi na kimechomoza pembeni kama dole gumba. Viwili vimeungana na kushikamana. Theropodi wengi nao walikuwa na mikono ya vidole vitatu, ila vyao vilikuwa huru na vina makucha marefu. Katika kifundo cha mikono yao mulikuwa na mfupa uliokatwa kama nusu ya mwezi, ambao uliwawezesha kuukunja mkono kwa upande. Ni mkunjo huohuo unaomwezesha kuku kulifunga bawa lake ubavuni kwa adabu. Katika kuku mkubwa mfupa huo umekwisha kuungana na mifupa ya kiganja, lakini kazi yake ingaliko.

Tuje kwenye kidari. Mfupa wa kifua cha kuku una ubapa uliosimama katikati kama mkuku wa jahazi, na kila upande umelaliwa na nyama nyingi. Nyama ile kubwa ya juu ndiyo inayolivuta bawa chini. Chini yake pana nyama nyembamba ndefu inayotoka peke yake ukiivuta kwa kidole, yenye kano nyeupe ambayo mpishi hodari huing'oa kabla ya kukaanga. Hiyo ndiyo inayolipandisha bawa. Utauliza: nyama iliyo chini ya kifua itainuaje bawa juu? Kano yake hupanda ikapita katika tundu lililopo begani, kisha ikashika mfupa wa mkono kwa upande wa juu, mfano wa kamba ya tanga ipitayo katika kapi. Baharia akivuta chini, tanga lapanda juu. Mbuni, ambaye haruki, hana mkuku huo kifuani.

Mbele ya kidari, chini ya shingo, umo mfupa mwembamba wenye matawi mawili kama panda ya manati. Huo ni mitulinga miwili, wa kulia na wa kushoto, iliyoungana ikawa mfupa mmoja. Uweke kando mfupa huu usiuvunje, maana kesi nzima ya ukoo wa ndege ilikwama juu yake kwa miaka arubaini na zaidi.

Limebaki jambo la pumzi, nalo kwa maoni yangu ndilo la ajabu kuliko yote. Ukiutia kuku mkono ndani kumsafisha, mapafu yake huyaoni yakining'inia kama ya mbuzi. Yamegandamana na mbavu upande wa mgongo, madogo, mekundu, nawe huyakwangua kwa ncha ya kidole. Mapafu hayo hayatanuki kama yetu. Kazi ya kuvuta hewa hufanywa na vifuko vyembamba vilivyotawanyika mwilini, na ndege wengi wanavyo tisa. Hewa inayoingia huenda kwanza katika vifuko vya nyuma, kisha hupita katika mapafu, kisha vifuko vya mbele, ndipo ikatoka. Pumzi moja ya hewa huhitaji kuvutwa na kutolewa mara mbili mpaka imalize safari. Kwa hiyo katika mapafu hewa hupita upande mmoja tu, kama maji ya mfereji, wala haiendi na kurudi katika njia moja kama yetu. Vifuko vingine huingia mpaka ndani ya mifupa. Utazame mfupa wa juu wa bawa, upande wa begani: lipo tundu dogo ambamo hewa iliingia. Matundu na mashimo ya namna hiyo yamo katika mifupa ya uti wa mgongo ya theropodi, na hata katika ya wale dinosau wakubwa mno wenye shingo ndefu. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba katika mapafu ya mamba pia hewa hupita upande mmoja. Jambo hilo linaafikiana na yale yanayosemwa na mifupa, kwamba mamba wa mto Tana, kwa ukoo, yuko karibu na kuku kuliko alivyo karibu na kenge anayefanana naye.

Hayo ndiyo yaliyomo katika kuku. Sasa tuitazame ile kesi yenyewe.

Mwaka 1861, katika machimbo ya mawe ya chokaa ya Bavaria, Ujerumani, lilipasuliwa jiwe likatokea kiumbe mwenye kimo kama cha kunguru. Alikuwa na mbawa, na alama za nyoya zake zilikuwa zimechapika katika jiwe waziwazi. Wakamwita Archaeopteryx, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 150. Kwa manyoya alikuwa ndege. Lakini vielelezo vilivyohifadhiwa vyema vinaonyesha kwamba alikuwa na meno kinywani, makucha matatu katika kila bawa, na mkia mrefu wa mifupa kama wa mjusi. Miaka michache baadaye Mwingereza Thomas Huxley aliilinganisha nyonga na miguu ya ndege na ya dinosau, akasema hawa ni jamaa.

Maneno yake hayakuenda mbali, na aliyeyasimamisha alikuwa mchoraji wa Denmark, Gerhard Heilmann. Kitabu chake kuhusu asili ya ndege kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1926, nacho kilikuwa kitabu kizuri. Alilinganisha kiungo kwa kiungo, akaona theropodi wanafanana na ndege kuliko wanyama wengine wote, isipokuwa kitu kimoja. Theropodi, kwa alivyojua yeye, hawakuwa na mitulinga. Na kiungo kilichokwisha kupotea katika ukoo, alisema, hakirudi tena. Basi ndege, wenye mitulinga, hawawezi kuwa wamezaliwa na wasio nayo. Hoja hiyo ilipangwa vizuri na watu wakaikubali. Kasoro yake ilikuwa katika lile neno "hawana". Kutoona si ushahidi wa kutokuwapo. Mwanafunzi wa usuli hufundishwa hilo mapema.

Mfupa ulikuwapo. Ulikuwa umekwisha kuchimbwa na kuchorwa katika kitabu, miaka miwili kabla ya Heilmann kuchapishwa kwa Kiingereza. Ulikuwa kifuani mwa mnyama mmoja wa jangwa la Gobi, ila aliyeuchora aliupa jina la mfupa mwingine. Mnyama huyo ana kisa chake, na kina mama hasa ningependa wakisome.

Mwaka 1923 msafara wa Wamarekani ulioongozwa na Roy Chapman Andrews ulikuwa ukichimba Mongolia. Wakakuta kiota cha mayai, na juu yake mifupa ya dinosau mdogo wa miguu miwili, mwenye mdomo usio na meno. Katika eneo lile walikwisha kupata mifupa mingi ya dinosau mwingine, mla majani aitwaye Protoceratops, basi wakahukumu kwamba mayai ni ya huyo. Na huyu aliyekutwa juu yake? Bila shaka alikuja kuiba, mauti yakamkuta katika tendo. Mwaka 1924 Henry Fairfield Osborn akampa jina la kisayansi, Oviraptor, maana yake mnyakuzi wa mayai. Kwa uadilifu niseme kwamba Osborn mwenyewe aliandika tahadhari kuwa jina hilo laweza kupotosha. Lakini jina likishatoka mdomoni tahadhari hubaki nyuma, na kwa miaka 70 vitabu vya watoto vikamchora akikimbia na yai la mwenziwe.

Mwaka 1993 watafiti walirudi Gobi, mahali paitwapo Ukhaa Tolgod, wakapata yai la aina ileile likiwa limevunjika, na ndani yake mifupa ya kilichokuwa karibu kuanguliwa. Hakikuwa mtoto wa Protoceratops. Kilikuwa kifaranga cha jamaa wa Oviraptor. Mayai yale yalikuwa ya ukoo wake mwenyewe. Kisha mwaka 1995 ukatangazwa mfupa kwa mfupa mnyama mzima wa ukoo huo, aliyefukiwa na mchanga akiwa amekaa katikati ya kiota chake. Miguu ameikunja chini yake, mayai yamemzunguka kwa duara, na mikono yenye makucha ameitandaza juu ya mayai kwa pande mbili, vilevile kama kuku atandazavyo mbawa anapoatamia. Hakuondoka mchanga ulipomjia.

Surat al-Hujurat imetuonya kuhusu dhana, nasi tunapoisoma huwafikiria majirani zetu. Sidhani kuna mtu aliyepata kuwaza kwamba dhana mbaya yaweza kumpata hata mzazi aliyekufa zamani namna ile, akaitwa mwizi kwa sababu tu amekutwa karibu na mayai. Na jina halikuondolewa. Kanuni za majina ya wanyama hazibadilishwi kwa sababu maana imekuwa dhuluma, basi mpaka leo anaitwa Oviraptor. (Nimesema mzazi wala sikusema mama. Mwaka 2008 baadhi ya watafiti walitoa hoja kwamba katika ukoo huo huenda madume ndiyo yaliyoatamia, kama afanyavyo mbuni dume usiku. Nawaachia kina mama waamue namna ya kuzitumia habari hizi nyumbani.)

Ule mfupa wa kifuani nao ulipata haki yake. Mwaka 1983 mtaalamu wa Mongolia, Rinchen Barsbold, alionyesha kwamba ni mitulinga iliyoungana, panda ileile uliyoiweka kando. Tangu hapo umeonekana katika theropodi wengi, Tyrannosaurus akiwa mmoja wao. Kabla ya hapo John Ostrom wa chuo kikuu cha Yale alikwisha kuifufua kesi. Mwaka 1964 alipata Montana mifupa ya mwindaji mwepesi aliyempa jina la Deinonychus, na alipoilinganisha mikono yake na ya Archaeopteryx akaona mambo ni yale kwa yale, pamoja na ule mfupa wa nusu mwezi.

Waliobaki na shaka walisema: tuonyesheni dinosau mwenye manyoya. Mwaka 1996 akatoka katika jimbo la Liaoning, Uchina. Alikuwa mdogo, na kuanzia kichwani hadi mkiani alikuwa na malaika kama ya kifaranga aliyeanguliwa jana. Wakamwita Sinosauropteryx. Hakuwa na mbawa wala hakuruka. Kwa hiyo wataalamu wengi huona kwamba manyoya yalianza kwa kazi nyingine, kuhifadhi joto au kujipamba, na kuruka kukaja baadaye. Mwaka 2010 chembe za rangi zilizohifadhika katika malaika yale zilionyesha kwamba mkia wake ulikuwa na mistari ya hudhurungi na nyeupe. Na mwaka 2012 ilitangazwa kutoka hukohuko habari ya Yutyrannus, mwenye urefu wa mita 9 hivi, ambaye naye alikuwa na manyoya.

Kuna jambo jingine ambalo kila mfuga kuku atalifahamu. Tembe anapokaribia kutaga huweka akiba ya chokaa ndani ya mifupa ya miguu, katika tabaka maalumu, na kaka la yai hutengenezwa kwa akiba hiyo. Ndiyo sababu kuku wa mayai asiyelishwa vizuri huvunjika miguu. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walieleza tabaka la namna hiyo katika mfupa wa paja wa Tyrannosaurus wa Montana, wakasema huyu alikuwa jike, na alikufa akiwa katika msimu wa kutaga.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali yasiyotuhusu watu wa pwani. Kuna kilima kiitwacho Tendaguru, bara ya Lindi, Tanzania. Baina ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosau walioishi karibu na zama za Archaeopteryx. Majina yaliyobaki vitabuni ni ya mabwana wa msafara, lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyewafundisha wengine namna ya kuufunua mfupa bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Wachimbaji walikuwa mamia, katika nchi iliyokuwa imetoka punde katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mizigo ya mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi kwa miguu, safari ya siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa waliochimbwa amesimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, na katika jumba hilohilo la makumbusho kimewekwa kielelezo mashuhuri kuliko vyote cha Archaeopteryx. Mwenye kuingia humo huona chini ya paa moja ndege wa Bavaria na jitu lililobebwa kwa vichwa vya watu wa Lindi. Mwaka 2007 dinosau mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka Boheti. Ni heshima iliyochelewa karibu miaka mia, nami ningependa watoto wetu walijue jina la huyo bin Amrani kabla ya kulijua la Huxley.

Narudi kwa mama aliyeuliza. Mwambie mwanao hivi: mwalimu hakukosa, ila maneno yake yahitaji kupambanuliwa. Kuku si mjukuu wa Tyrannosaurus. Wawili hao ni kama binamu wa mbali sana, wenye babu mmoja wa kale zaidi katika ukoo wa theropodi. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa kutoka angani lilianguka mahali ambapo leo ni Yucatan, Mexico, na dinosau wote wakubwa wakaangamia. Katika ukoo ule walisalia baadhi ya ndege tu, na hao ndio wazee wa kuku, kunguru, korongo na kila mwenye manyoya unayemwona leo. Mwambie pia kwamba mifupa yaonyesha nani alimtangulia nani na viungo vilibadilika vipi. Haisemi kwamba mambo hayo yalijiendesha bila Mwendeshaji. Atakayesema hivyo, awe mwalimu au mwandishi wa kitabu, amesema la moyoni mwake wala hakulisoma katika mfupa. Ama umri wa mamilioni ya miaka, sijui nguzo yoyote ya imani inayotikisika kwa ardhi kuwa kongwe.

Bibi aliyesema astaghfirullah naye asikasirikiwe. Mpeni lile bawa lililochemshwa alihesabu vidole yeye mwenyewe.

Limebaki swali moja ambalo wanafunzi wa madrasa huliuliza kabla ya jingine lolote, nalo ni kama dinosau angekuwa halali kuliwa. Tyrannosaurus alikuwa na meno ya kuwindia, na hukumu ya wanyama wa namna hiyo katika madhehebu yetu inajulikana. Yule wa Tendaguru alikula majani tu, kwa hiyo shauri lake laweza kufikiriwa. Ila shingo yake ilikuwa na urefu wa mita 8 na zaidi, na mpaka leo sijaona kisu cha kumchinjia.